Hongera, Kanisa la Watakatifu Wote

Tulikutana getini watatu: mimi kutoka Kibera, rafiki zangu wawili kutoka Kawangware. Kanisa hili kuu la Nairobi lilichorwa na Mwingereza, Temple Moore, na jiwe la msingi likawekwa mwaka 1917. Madirisha yake ya rangi yanapendeza, lakini sisi tulikuja kwa ajili ya chumba cha chini. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, walipigwa na polisi pale Uhuru Park. Kanisa likawapokea. Walilala katika chumba hicho cha chini karibu mwaka mzima, wakidai wana wao waachiliwe, hadi karibu wana wote wakaachiliwa mapema 1993. Wenye kanisa mlijua hatari, mkafungua mlango. Asanteni sana. Rafiki yangu aliugusa ukuta, akanyamaza.