Fundi Baruti na Milisekunde

Kwa mhandisi wa milipuko, kishindo ni hasara. Nguvu iliyoponyoka tunduni ikaenda hewani kutisha kunguru na kutikisa madirisha ya watu ni nguvu iliyogharimiwa bure, haikuvunja hata kokoto. Watazamaji wakishangilia mawe yaliyoruka juu, yeye anaandika daftarini kwamba matundu hayakuzibwa vya kutosha, au kwamba mstari wa mbele ulichorongwa karibu mno na ukingo. Mlipuko uliopangwa vizuri humkatisha tamaa mgeni aliyelelewa na sinema. Ardhi inaumuka kidogo kama unga wa maandazi, inatulia ikiwa imepasukapasuka, na kazi imekwisha.

Najua kuisifu baruti kuna walakini. Mbele ya mtu wa Tanga au Mafia, ambaye ameona matumbawe yaliyosagwa na wavuvi haramu, sifa hizi zinaweza kuonekana matusi. Lakini anayerusha chupa ya baruti baharini anajua jambo moja tu, kwamba italipuka. Mambo mengine yote yanayozunguka jambo hilo moja ndiyo taaluma ninayotaka kuisemea.

Masomo yenyewe huanza mbali na baruti. Mwanafunzi wa uhandisi wa migodi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hukutana na uchorongaji na ulipuaji kama sehemu ya masomo yake. Mwenzake wa Rolla, Missouri, anaweza kusomea uhandisi wa milipuko kwa shahada ya uzamili, katika chuo chenye mgodi wake wa majaribio. Popote alipo, atamsoma sana mwamba: tabaka zimelalia upande gani, nyufa za asili zimepangana vipi, maji yamejificha wapi. Na mapema ataambiwa siri ambayo fani nzima imejengwa juu yake. Mwamba ukibanwa huvumilia mno, ukivutwa huachia mapema. Kwa miamba mingi, uwezo wa kuhimili kuvutwa ni takriban sehemu ya kumi tu ya uwezo wa kuhimili kubanwa.

Sasa, baruti ikilipuka ndani ya tundu, inabana. Ungedhani imechagua kupigana na mwamba pale penye nguvu zake zote. Ila wimbi la mgandamizo halikai mahali pamoja. Ndani ya graniti ngumu hukimbia yapata kilomita 5 kwa sekunde. Likifika kwenye ukingo ulio wazi, linakosa mwamba wa kuendelea nao, linageuka, na katika kugeuka linakuwa wimbi la kuvuta. Mwamba uliogoma kubanwa unaanza kubanduka kutoka ukingoni kurudi ndani. Gesi za mlipuko zinafuata nyuma kwa mwendo wa pole zaidi, zinajipenyeza kwenye nyufa na kulisukuma jiwe mbele. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi ni lipi lenye kazi kubwa, wimbi au gesi, na wengi sasa wanakubali kwamba kila kimoja kina zamu yake.

Zamu ndiyo roho ya fani hii. Katika shimo la wazi la mgodi mkubwa, kama yale ya Geita, matundu huchorongwa kwa mistari. Yote yakilipuka kwa mpigo mmoja, mstari wa nyuma hauna pa kusukumia jiwe lake: mbele yake bado kumesimama mwamba. Basi mstari wa mbele hutangulia, unasogea na kuacha ukingo mpya nyuma yake, na ndipo wa pili unapofuata. Kati ya tundu na tundu panaweza kupita milisekunde 25 tu. Sikio la binadamu husikia ngurumo moja ndefu. Mhandisi husikia foleni. Fataki za kielektroniki za siku hizi, zinazowasha baruti tunduni, hupangiwa muda wake kwa milisekunde moja moja, na kijana aliyekaa na kompyuta akigawa zamu hizo kwa matundu mia kadhaa anafanya kazi iliyo karibu zaidi na utunzi wa muziki kuliko na vita.

Nikiitazama historia ya ulipuaji, naiona kama historia ndefu ya watu kuutafuta muda. Tukio la kale linalotajwa sana la baruti kutumika kuvunja mwamba mgodini ni la mwaka 1627, huko Banská Štiavnica katika Slovakia ya leo, likihusishwa na mtu aitwaye Kaspar Weindl. Kwa karne mbili zilizofuata, mchimbaji aliwasha moto kwenye mrija wa nyasi au unyoya wa bata bukini uliojazwa baruti, kisha akakimbia. Mrija mmoja uliungua polepole, wa pili haraka, wa tatu ulionekana umezimika hadi mtu aliporudi kuuchungulia. Migodi ya bati na shaba ya Cornwall, Uingereza, ilipoteza watu wengi kwa namna hiyo. Aliyewapa nafuu hakuwa mchimbaji. William Bickford alikuwa mfanyabiashara wa ngozi katika kijiji cha Tuckingmill, na mwaka 1831 alipata hataza ya kamba iliyosokotwa ikiwa na uzi wa baruti katikati, iliyopakwa lami isiingie maji. Kamba ile iliungua kwa mwendo unaojulikana. Ukitaka muda mrefu wa kuondoka, unakata kipande kirefu. Basi.

Alfred Nobel amepewa sifa nyingi zaidi, na tuzo zake zimemfanya ajulikane hata kwa asiyewahi kuona mgodi. Mkemia Ascanio Sobrero alikuwa amegundua nitrogliserini, kilipuzi kikali, mjini Torino mwaka 1847 na akaiogopa. Nobel aliing'ang'ania, akampoteza mdogo wake Emil katika mlipuko wa mwaka 1864, na mwaka 1867 akapata hataza ya baruti aliyoiita dinamiti, iliyobebeka bila kuua mbebaji. Siyabezi hayo. Lakini ningeulizwa nani ajengewe sanamu kwenye lango la mgodi, ningemtaja muuza ngozi wa Tuckingmill.

Na ukitaka kuona subira ya fani hii kwa ukubwa wake wote, nenda pwani ya magharibi ya Kanada. Katika mlangobahari wa Seymour Narrows, penye mkondo mkali mno, palikuwa na mwamba wenye vilele viwili, Ripple Rock, ambao wakati wa maji kupwa kilele kimoja kilibaki chini ya maji kwa kina kisichofika mita 3. Mwaka 1875 uliizamisha meli ya kivita ya Marekani, Saranac, na zaidi ya watu mia moja walifia pale kadiri miaka ilivyopita. Katika miaka ya 1940 walijaribu kuuchoronga kutoka juu, kwa chombo kilichotiwa nanga. Mkondo ukakata nyaya za nanga, na wafanyakazi tisa wakazama walipokuwa wakivushwa kwa mashua.

Ndipo wahandisi wakauendea kwa chini. Kuanzia mwishoni mwa 1955 walichimba shimo la wima kwenye kisiwa cha jirani, lenye kina cha zaidi ya mita 170, wakatoboa handaki la zaidi ya mita 700 chini ya sakafu ya bahari, kisha wakapanda tena ndani ya tumbo la mwamba hadi kwenye vilele vyote viwili. Wakaujaza kwa tani zipatazo 1,270 za baruti. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 1958, Wakanada wakitazama kwenye televisheni moja kwa moja, mwamba ulipaa angani pamoja na maji yake. Miaka miwili na miezi kadhaa ya kuchimba kwa ajili ya sekunde chache, na kimo cha maji juu ya vilele vile kikawa zaidi ya mita 13. Kinachonivutia hapo ni wale wachimbaji waliokwenda kazini zamu kwa zamu chini ya bahari, wakijua kwamba kila ukuta waliouchonga utatoweka.

Kuna kazi nyingine ambazo sifa yake iko kwenye kilichobaki. Katika mradi wa umeme wa Niagara, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitumika kwa upana mbinu ya kupasua kwanza mstari mwembamba wa ufa kwa matundu yaliyokaribiana na kutiwa baruti kidogo, ili mlipuko mkubwa unaofuata ukomee hapo na kuuacha ukuta wa nyuma mzima. Ukipita barabara iliyokatwa mlimani na kuona ukutani mifereji ya wima, iliyonyooka, kila mmoja ukiwa nusu ya tundu lililochorongwa, ujue aliyepita hapo alijua kazi. Wakaguzi huihesabu mifereji hiyo: ikiwa mingi, mwamba wa nyuma haukuguswa.

Nje ya uzio wa mgodi, hesabu zinakuwa ngumu zaidi. Katika vijiji vinavyopakana na migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa, malalamiko ya nyufa za nyumba ni ya muda mrefu. Utafiti wa Idara ya Migodi ya Marekani uliotolewa mwaka 1980 ulipendekeza mipaka ya mtikisiko wa ardhi kwa nyumba za makazi: milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba zenye kuta za plasta pale mtikisiko unapokuwa wa mapigo ya polepole, na hadi milimita 50 pale mapigo yanapokuwa ya haraka. Nyumba zilizopimwa zilikuwa za Kimarekani, za mbao kwa sehemu kubwa. Nyumba ya matofali mabichi ya Usukumani haikuwamo. Isitoshe, mwili wa mtu huhisi mtikisiko ulio chini ya milimita 1 kwa sekunde. Mama aliyekaa barazani akisema nyumba yake imetikisika hasemi uongo, hata kama kipimo kilichozikwa uani kinaonyesha tarakimu ndogo sana. Mhandisi makini humfikia kabla ya tundu la kwanza kuchorongwa, akapiga picha kila ukuta na kila ufa uliokuwapo, mwenye nyumba akiwa pembeni, na nakala ya picha hizo ikabaki kwake.