Ufundi wa Kuitikia

Tamthilia ya Kigiriki haikuanza na mwigizaji. Aristotle anasema msiba wa jukwaani ulizaliwa na waanzishaji wa nyimbo, waliokuwa wakijibiwa na kundi la wachezaji. Aliyewahi kulala kwenye mahanga, yaani matanga ya Wagiriama, huko Ganze au Vitengeni, hahitaji kufafanuliwa.

Kifudu ni ngoma yao ya msiba. Mmoja anaanzisha, wenzake wanampokea, mabega yanatikisika na marinda ya hando yanajibu kiunoni. Sifa zote hupewa mwanzishaji, nami naona si haki, kwani ufundi wenyewe uko kwa wanaopokea. Wakichelewa kidogo tu, wimbo unamfia mdomoni; wakiwahi, wanamkata pumzi. (Disko matanga haina tatizo hilo: spika haingoji mtu.)

Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliujua ufundi huu. Mwaka 1913, Waingereza walipodai kodi na vijana wa kwenda kuwafanyia kazi, alipita vijijini akicheza kifudu, watu wakamfuata. Huko Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, wakala viapo: wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi. Husimuliwa kwamba alimletea Arthur Champion, ofisa wa serikali, kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hapo Mekatilili akamwambia kuwa ndivyo itakavyokuwa akigusa wana wao. Ni onyesho zima, tena halina jukwaa wala maleba.

Kwenye jukwaa la Athene nako alikuwako Antigone, aliyemkaidi mtawala ili amzike kaka yake. Sophocles alimtunga yapata mwaka 441 K.K., lakini aliyemwigiza alikuwa mwanamume aliyevaa barakoa. Zamani kabla ya hapo Solon, mtunga sheria wa Athene, alikuwa ameshawawekea wanawake sheria za kubana maombolezo yao. Alijua kilio cha wengi kinaweza kufika wapi. Waingereza walichelewa kujua: Oktoba 1913 walimkamata Mekatilili wakampeleka Kisii, Januari 1914 akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Agosti wakailipua Kaya kwa baruti.

Athene maelfu walikaa wakiwatazama wachezaji kumi na watano. Hoteli za Malindi nazo huwapangia wageni viti mbele ya ngoma za Kigiriama, na ujira wa wachezaji siukatai. Ila kwenye mahanga, ukisimama pembeni umekunja mikono, haipiti dakika mama mmoja hajakushika kiwiko akikuuliza mbona huitikii.