Nani Aliyejaa Maembe?

"Loaded with mangoes, the driver parked the lorry outside the market."

Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, lakini ndugu zake hupita kila siku magazetini, kwenye ripoti za miradi na kwenye tasnifu za vyuo vikuu vyetu. Tahajia yake haina kasoro, vitenzi vimekaa katika nyakati zake, na msomaji yeyote mwenye huruma ataelewa kwamba kulikuwa na lori la maembe na dereva akaliegesha nje ya soko. Sarufi ya Kiingereza haina huruma hiyo. Kwa sarufi, aliyejaa maembe ni dereva.

Kosa hili tuliite kirai kinachoning'inia. Maneno yanatangulizwa mwanzoni mwa sentensi kueleza hali au kitendo fulani, lakini mwenye hali hiyo hatajwi. Yakishakosa mwenyewe, yanafanya kama mtoto aliyepotea sokoni: yanashika nguo ya mtu mzima wa kwanza aliye karibu. Mtu mzima huyo, katika Kiingereza, ni kiima kinachokuja mara tu baada ya mkato. Dereva wetu alikuwa amesimama pale.

Nataka kuisifu kazi ya mtu anayekaa na sentensi kama hii mpaka inyooke. Magazetini anaitwa mhariri msanifu. Kwingine ni mhariri tu, au mtu wa kusoma prufu. Jina lake halitokei chini ya habari, na akiifanya kazi yake vizuri hakuna atakayejua kwamba aliifanya. Wengi hudhani anahamisha maneno huku na huko na kupachika mikato. Tumtazame kwa karibu.

Kwanza anakisogeza kile kirai: "The driver parked the lorry loaded with mangoes outside the market." Dereva ameokoka, maembe yamerudi kwenye lori. Mwenye haraka angeishia hapo. Mwenye subira anairudia kwa sauti ya chini, na anakuta tundu jipya. Lori liliegeshwa nje ya soko, au maembe yalipakiwa nje ya soko? Maneno matatu ya mwisho sasa yanagombewa na vitenzi viwili.

Anajaribu kauli ya kutendwa: "Loaded with mangoes, the lorry was parked outside the market." Utata umekwisha, ila dereva naye ametoweka. Unaweza kumrudisha kwa kuongeza "by the driver" mwishoni, lakini isome uone inavyochechemea. Mwisho wa sentensi ya Kiingereza ndipo uzito unapoangukia, na hapa umemwangukia mtu ambaye hajafanya lolote zaidi ya kuegesha. Basi anaigawa: "The lorry was loaded with mangoes, and the driver parked it outside the market." Hii haina kosa hata moja. Lakini shehena na maegesho sasa vimekuwa habari mbili zilizo sawa, wakati mwandishi alitaka moja ikae nyuma ya nyingine.

Hapo mhariri anafanya jambo ninaloliheshimu kuliko yote. Anaiacha sentensi hiyo na kusoma inayofuata.

Kama inayofuata inasema dereva alirudi akakuta nusu ya mzigo haipo, basi habari ni ya dereva na yeye ndiye abaki kuwa kiima: "The driver parked his lorry, piled with mangoes, outside the market and went for tea." Kama inayofuata inahusu askari waliokuja kulifunga lori minyororo, lori litangulie na dereva asubiri. Na kama aya nzima inahusu bei ya maembe msimu huu, huenda sentensi yetu haikustahili kuwapo kabisa. Dawa haikuwa ndani ya sentensi iliyougua. Ilikuwa jirani, na ilimbidi mtu avuke mkato na nukta kwenda kuitafuta.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna sababu yetu ya kulikwaa kosa hili, na inafaa ielezwe kwa haki, maana wanafunzi wengi wameambiwa kwamba ni uzembe. Iandike sentensi ile ile kwa Kiswahili, kwa mpangilio ule ule: "Likiwa limejaa maembe, dereva aliliegesha lori nje ya soko." Imenyooka! Ile li- inayoanza vitenzi viwili vya mwanzo inamkataa dereva papo hapo, kwa kuwa si ya ngeli yake, na inalisubiri lori lake kwa utulivu hata kama lori liko mbali. Ndivyo ilivyo pia kwa "Nikiwa natembea ufukweni, jua likazama." Hakuna atakayedhani jua lilikuwa likitembea, ni- imeshasema ni nani. Kitenzi chetu hutembea na mwenyewe mgongoni. "Walking" ya Kiingereza haina kiambishi cha kumtaja mtu, ni kitendo kitupu, na mwanafunzi anapoandika "Walking along the beach, the sun went down" ameuhamisha mpangilio wake mzima kasoro kiambishi kimoja, ambacho lugha ile haina pa kukiweka. Mwalimu anayelijua hili atamwonyesha mwanafunzi mahali pa kumrudisha yule ni-: "As I was walking along the beach, the sun went down." Kiingereza kikidai nafsi, kitapewa neno zima.

Nasi tusijione tumepona. Mahali ambapo kitenzi chetu kinaivua nafsi yake, yaani kwenye ku-, tunaning'iniza vilevile. "Baada ya kula, mvua ilinyesha." Ni nani aliyekula? "Kwa kutumia darubini, nyota hizo zilionekana vizuri." Na hata nafsi ikiwapo, haitoshi watu wanapokuwa wawili wa ngeli moja: "Juma alimkuta Ali akitoka msikitini." Tuliofundishwa kuhusisha makosa ya muundo na Kiingereza tu, sentensi hizi zinatupita machoni kila siku.

Mtu aliyelichungulia jambo hili kwa Kiingereza kwa uvumilivu mkubwa ni Henry Watson Fowler, mwalimu wa shule aliyeacha kazi, na mwaka 1903 akahamia kisiwa cha Guernsey alikokuwa mdogo wake Francis. Ndugu hao wawili walitoa kitabu cha matumizi ya Kiingereza mwaka 1906, wakisoma magazeti na vitabu vya wakubwa na kukusanya sentensi zilizokwenda kombo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja wote wawili walijiandikisha jeshini, Henry akidanganya umri wake kwa sababu alikuwa amepita miaka 50. Francis alifariki mwaka 1918. Kamusi kubwa ya matumizi ya Kiingereza waliyokuwa wameikusudia pamoja, Henry aliimaliza peke yake, ikatoka mwaka 1926, naye akamtunukia marehemu.

Kinachonivutia kwa Fowler ni kwamba hakuwa mwindaji wa makosa tu. Aliona kwamba baadhi ya vitenzi vya namna hii vilikuwa vimeshaanza kugeuka maneno ya kuunganisha, ambayo hayahitaji mwenyewe tena. "Considering the rain, the match went well": hapa hakuna msomaji anayeona mechi ikiitafakari mvua. Mhariri anayeikata sentensi hiyo anasumbua watu. Hata Shakespeare, katika Hamlet, anampa mzimu wa mfalme maneno ambayo kisarufi yanamlaza usingizi bustanini yule nyoka anayesemekana kumng'ata, na watazamaji wamekuwa wakielewa vizuri kwa zaidi ya miaka 400. Kujua ni lipi la kuliacha lipite ni nusu ya ufundi huu, na ndiyo nusu inayochelewa kuja. Mhariri mchanga hurekebisha kila kitu.

Kule Marekani, jarida la The New Yorker lilikuwa na Eleanor Gould Packard. Alianza kazi mwaka 1945 na akaendelea kwa miaka 54. Kurasa alizozipitia, zikiwa zimejaa alama za penseli pembeni, ziliitwa kwa jina lake, na waandishi wenye majina makubwa walizipokea kwa hofu na shukrani. Si kila alichopendekeza kilikubaliwa. Wenye makala na wahariri wenzake walichagua. Mwaka 1990 alipoteza uwezo wa kusikia, lakini hakuiacha meza yake. Nikifikiria kazi yake naona inavyodai moyo wa aina ya pekee: kuandika pembeni mwa ukurasa wa mwingine kwamba sentensi inasema kitu asichokikusudia, ukijua kwamba huenda akafuta ulichoandika, na kesho yake kusoma ukurasa mwingine kwa makini yale yale.

Maembe na ufukwe havimdhuru mtu. Iko aina moja ya kosa hili inayodhuru, nayo huvaa suti. "Having reviewed the accounts, it was decided to close the dispensary." Inasikika ya kiofisi, ya kuaminika. Lakini "reviewed" haina mwenyewe, na kiima kinachofuata ni "it", neno lisilo na mtu ndani yake. Hesabu zimekaguliwa na hakuna aliyezikagua. Zahanati imefungwa na hakuna aliyeifunga. Kina mama wa kijiji watatembea na watoto wao kwenda mbali zaidi, na jina la kuuliza halipo. Sentensi kama hiyo inaweza kuandikwa kwa makusudi. Mara nyingi zaidi mwandishi ameinakili tu kutoka kwenye taarifa aliyopewa, naye hakugundua kwamba ndani yake hamna mtu.

Mhariri anayeijua kazi yake hawezi kuinyoosha hii akiwa mezani, kwa kuwa kinachokosekana hakimo kwenye karatasi. Anampigia mwandishi.

"Kaka, hesabu za zahanati nani alizikagua?"

"Kamati, dada."

"Kamati ndiyo iliyofunga?"

Kimya kidogo. Mwandishi anaomba muda, anakwenda kuuliza. Anaporudi, inaonekana kulikuwa na watu wa aina mbili: wakaguzi walioandika ripoti, na ofisi iliyochukua uamuzi, na ripoti ya wakaguzi haikutaja kufunga popote. Ule mkato mmoja ulikuwa umewaunganisha. Sentensi inavunjwa ziwe mbili, kila kitenzi kikiwa na mtu wake, na habari inarefuka kwa mistari miwili. Msanifu wa kurasa anasema nafasi imekwisha. Mhariri anapanda aya ya juu, anafuta vivumishi vitatu ambavyo havikuwa na kazi, anahesabu mistari upya, na kuurudisha ukurasa.