Kabla Zege Halijamwagwa

Waswahili tuna misemo miwili inayogombana kuhusu biashara, na kila mtu huuchukua ule unaomfaa siku hiyo. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili unasema biashara matangazo. Muuza machungwa anaweza kuishi na ule wa kwanza: chungwa linaonekana, linabonyezwa, linaonjwa, mteja anaondoka na mfuko wake. Fundi ujenzi hawezi. Sehemu bora ya kazi yake iko chini ya ardhi.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu ya Goba au Chanika, Dar es Salaam, zile za kawaida. Anayepita barabarani anaona rangi, madirisha ya alumini, bati la mgongo mpana, labda na geti. Haoni msingi umekwenda chini kiasi gani. Haoni kama nondo za nguzo ni za milimita 12 au ni zile nyembamba zilizonunuliwa baada ya hesabu kugoma. Haoni kama mkanda wa zege juu ya madirisha umeizunguka nyumba nzima au umeishia upande wa nyuma, ambako mgeni hapiti. Vitu vinavyoisimamisha nyumba vimezikwa, na vile vinavyosifiwa siku ya kuhamia ni kazi ya wiki chache za mwisho. Kizuri cha fundi, basi, hakina namna ya kujiuza. Kimefukiwa, na juu yake imepita plasta.

Ndiyo maana ninawaheshimu mafundi waliogundua kazi halisi ya simu. Siwasemi wanaookota mtandaoni picha za majumba yenye bwawa la kuogelea, wakazibandika na kuandika "kazi zetu". Hao ni wengi, na mteja mwenye macho huwajua haraka, kwa sababu nyumba zao hazina mchanga mlangoni, hazina karai, na mawingu yake yote yanafanana. Ninawasema wale wanaopiga picha kitu saa chache kabla hakijafunikwa.

Ipo klipu moja ya namna hiyo ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopaswa. Haina muziki. Fundi amechuchumaa ndani ya mtaro wa msingi, fulana imeloa, simu ameshikiwa na saidia fundi. Anafungua futi kamba na kuilaza juu ya nondo: kutoka ringi hii mpaka hii, sentimita 20. Anasogea, anapima tena, zile zile. Kisha anaingiza vidole chini ya nondo kuonyesha vijiwe vidogo vya zege vilivyoziinua zisilale kwenye udongo, kwa kuwa nondo isiyozungukwa na zege pande zote itafikiwa na unyevu, itaota kutu, itavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Hayo yote anayaeleza kwa sentensi mbili, bila kujikweza. Halafu anatazama kamera na kusema: "Mama, kesho saa mbili asubuhi tunamwaga. Kama una neno, liseme leo."

Tangazo lenyewe ndilo hilo. Hajasema yeye ni bora, wala hajataja punguzo la bei. Amemwachia mwenye nyumba nafasi ya kukagua wakati ukaguzi bado una maana, na akawaacha wengine wote wasikilize.

Zamani fundi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mdomo: shemeji yako alijengewa, akakutajia jina, ukapewa namba. Ya pili ni kibao cha bati kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme au mwembe wa njia panda, rangi nyekundu, herufi zinazokonda zikikaribia ukingo: FUNDI BOMBA, MARUMARU, GYPSUM. Mara nyingi kibao hicho kilikaa chini kidogo ya kile cha mganga anayerudisha wapenzi, na namba zao za simu zilitofautiana rangi tu. Sikidharau, kimelisha familia nyingi. Ila kibao kinataja kazi bila kuionyesha, na mdomo wa shemeji unaishia alipoishia shemeji.

WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, imeuchukua mdomo huo ikaupa macho. Stetasi inakaa saa 24 na kufutika, na kwa kawaida humfikia mtu ambaye ninyi wawili mmehifadhiana namba. Wataalamu wa masoko huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo sababu inamfaa fundi kuliko mtandao mwingine wowote. Watu mia mbili waliohifadhi namba yake ni watu waliowahi kumwona kwa macho: aliowajengea, wauza saruji na nondo, dereva wa lori la mchanga, jirani aliyekuja kuuliza bei akiwa amevaa kandambili. Yeyote kati yao anaweza kuulizwa kesho, "Unamjua fundi wa uhakika?" TikTok inaweza kuipeleka klipu ya fundi wa Mwanza mpaka Lubumbashi, akasifiwa kwa Kiswahili kitamu cha Kikongo usiku kucha, na asubuhi akaamka bila kazi. Sifa si mbaya, lakini nyumba hujengwa mahali, na mahali hapo pana barabara, udongo na nauli ya kufika saiti. Anayetaka kulipia tangazo Facebook au Instagram na achague wilaya zake mbili tatu anazoweza kuzifikia asubuhi, aachane na tamaa ya nchi nzima.

Wateja wa mbali wanaomhusu kweli ni wa aina moja: wenyeji walio ughaibuni. Kuna mtu Muscat, mwingine London, mwingine Minnesota, kila mmoja ana kiwanja Kigamboni au Madale, na kila mmoja ana simulizi ya ndugu aliyetumiwa fedha za boma akajenga choo. Simulizi hizi zimejaa katika familia zetu kiasi kwamba zimekuwa utani wa harusini, ingawa aliyeliwa fedha hacheki. Mtu wa namna hiyo picha ya nyumba iliyokamilika haimtibu chochote. Anataka kuona mifuko ya saruji ikihesabiwa inaposhushwa. Anataka kuona jamvi likimwagiwa maji asubuhi, kesho yake likamwagiwa tena, na keshokutwa pia, maana zege hukomaa polepole. Nguvu yake hupimwa kwa siku 28, na wiki ya kwanza bila maji hulidhoofisha. Video ya mtu anayemwagilia sakafu kwa mpira haimvutii mpita njia hata mmoja. Yule wa Muscat anaitazama mara nne, na jioni anamtumia binamu yake anayetaka kujenga.

Halafu kuna upigaji picha wenyewe, ambao ni ufundi ndani ya ufundi. Saiti ni mahali pabaya kwa kamera. Vumbi la saruji hukaa kwenye kioo chake na picha zote zikatoka kama za alfajiri yenye ukungu, kwa hiyo fundi mzoefu hukifuta kwanza kwa pindo safi la fulana, kama analo. Hupiga asubuhi au alasiri, kwa kuwa jua la saa saba huumeza ukuta ukawa karatasi tupu. Husimama pembeni ya chumba na kuishika simu usawa wa kifua bila kuiinamisha. Simu nayo inataka timazi: ukiinamisha kidogo, kuta ulizozinyoosha siku nzima zinaonekana zimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani.

Aliyenishinda kabisa, hata hivyo, ni fundi plasta aliyesubiri giza. Alizima taa ya chumba, akawasha tochi ya simu moja na kuilaza kwenye ukuta, mwanga ukitambaa juu ya plasta kutoka kona hadi kona, huku simu ya pili ikirekodi. Mwanga wa aina hiyo hausamehe. Kila kijivimbe hutoa kivuli, kila mahali mwiko ulipokwama huonekana. Ukuta wake ulikuwa shwari mita tatu nzima, kisha karibu na swichi kikatokea kivuli kirefu chembamba. Akakigusa kwa kidole. "Hapa pamebaki," alisema. "Kesho napaskimu upya." Kampuni yenye idara ya matangazo ingekikata kipande hicho. Yeye alikiacha, na nadhani kwa kivuli kile kimoja alipata wateja ambao mita tatu zilizonyooka zisingempa.

Wapo mafundi wazuri wanaoharibu yote haya kwenye maoni. Mtu anauliza kwa adabu, "Bei gani kaka?" Anajibiwa, "Njoo inbox." Sijui ni nani aliyewafundisha wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kwamba bei ni siri ya kunong'onezana. Muuza viatu hana kisingizio chochote. Fundi anacho nusu, kwa kuwa nyumba haitajwi bei bila ramani na bila kukiona kiwanja. Lakini lipo analoweza kulisema hadharani: kwamba hulipwa kwa tofali au kwa boma zima, kwamba bei yake ni ya ufundi tu au ni ya ufundi na vifaa, na kwamba maji na mbao za jukwaa ni juu ya nani. Ugomvi mwingi wa saiti huanzia hapohapo kwenye "ufundi tu". Jibu la mistari mitatu linalosomwa na watu mia linaokoa simu mia, na linamwondoa mapema mteja ambaye hata angekuja mngegombana.

Lipo jambo jingine ambalo washauri wa masoko kutoka kwingine hawalijui. Kwetu watu wengi hawataki nyumba yao isemwe kabla haijaezekwa. Wengine wanaogopa kijicho, wengine mkopaji, wengine ndugu atakayehesabu mabati na kuja na barua ya ada ya mtoto. Fundi mwenye adabu huomba ruhusa kabla ya kurusha. Hata akiruhusiwa, huonyesha mikono, nondo na tofali. Hamtaji mwenye nyumba, hapigi picha kona ya mtaa wala kibao cha duka la jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini desturi hii nimeiona kwa mafundi ambao sheria hiyo hawajaisikia. Wanajua tu kwamba siri ya kiwanja ni ya aliyekinunua. Kilicho chao wenyewe wanaweza kukianika watakavyo: cheti cha VETA, au namba ya usajili ya Bodi ya Makandarasi kwa mwenye kampuni. Picha moja ya cheti iliyobandikwa juu kabisa ya ukurasa inatosha, haina haja ya kuzungushiwa maua.

Kitu ambacho bado ni adimu, na ningependa kukiona zaidi, ni fundi anayerudi. Nyumba aliyoikabidhi mwaka juzi imeshapigwa na masika mawili. Na apite, apige hodi, aombe kuzunguka nyuma na simu yake. Auonyeshe ukuta wa upande mvua inakotokea, aonyeshe kama maji yanakimbia mbali na msingi au yametuama. Akikuta ufa, ausogelee. Ufa mwembamba kama unywele uliotapakaa kwenye plasta mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Aseme hivyo, azibe. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari kuelekea chini ni habari nyingine, huenda msingi umetitia upande mmoja, na hapo inabidi ashushe simu kwanza aongee na mwenye nyumba. Nimewaona wawili watatu wakifanya ziara hizo. Mmoja wao alikaribishwa chai, na kamera ilipogeuka, bibi mwenye nyumba alikuwa anamwonyesha mlango wa stoo usiofunga vizuri na kumuuliza atakuja lini kuurekebisha. Alijibu Jumamosi. Alikuwa bado anarekodi, kwa hiyo wafuasi wake wote sasa wanaijua siku hiyo.