Mtu Aliyerudi Nyuma Kutafuta Sifa

Mtu akikaa Vitshumbi jioni, saa ile mitumbwi inapotayarishwa kwa uvuvi wa usiku, hakosi kuwasikia wazee wakisema, "Laiti siku zile zingerudi!" Siku zile ni zile ambazo Ziwa Edouard lilijaa tilapia, na viboko walilala majini kwa makundi. Katika miaka ya 1970 mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000; mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Wengi waliuawa kwa bunduki wakati wa vita, nyama yao ikauzwa, na meno yao vilevile. Tena mavi ya kiboko hurutubisha maji, na maji yaliyorutubika hulisha samaki. Basi kiboko akipungua, samaki naye hupungua, na mvuvi hurudi na mtumbwi mwepesi.

Twaisikia "laiti" hiyo, nasi twajiuliza: kama mzee mmoja wa Vitshumbi angepewa chombo cha kumrudisha katika siku zile, je, angefanya nini huko? Angewazuia wenye bunduki? Na kama angewazuia, mambo yetu ya leo yangekuwaje?

Watu wengine watasema swali hilo ni la watoto. Sisi hatukubali. Iko hadithi moja ya picha, iliyotungwa Marekani, ambayo imelichukua swali hili na kulibeba kwa muda wa miaka 25. Tumeisoma tangu mwanzo, nasi twataka kusema wazi ni wapi imetupendeza na ni wapi imetuudhi. Shujaa wake huitwa Booster Gold. Alitungwa na Dan Jurgens, na gazeti lake la kwanza lilitolewa na kampuni ya DC mwaka 1986.

Hadithi yenyewe ni hii. Michael Jon Carter ni kijana wa karne ya 25, mchezaji hodari wa mpira wa Kimarekani. Baba yake, mtu wa kamari aliyewatupa watoto wake zamani, amrudia na kumshawishi ashindwe makusudi ili wapate fedha. Jambo lafichuka, kijana afukuzwa kwa aibu. Mwishowe apata kazi ya ulinzi wa usiku katika nyumba ya makumbusho, na humo ayaona mavazi na vyombo vya mashujaa wa kale. Usiku mmoja aviiba: pete ya kurukia, mshipi wa kumkinga na risasi, na chombo cha kusafiri katika nyakati. Afuatana na mashine ndogo yenye akili, jina lake Skeets, akakimbilia karne ya 20.

Kwa nini huko? Kwa sababu Skeets amehifadhi habari za kale, na kwa hiyo kijana ajua mapema hatari itatokea wapi. Amwokoa Rais Reagan asiuawe. Alitaka aitwe Goldstar, lakini mbele ya Rais ulimi wake wateleza, achanganya jina hilo na lile la utani la uchezaji wake, na tangu siku hiyo ni Booster Gold. Baada ya hapo auza sura yake kwa matangazo ya biashara, apokea fedha, apenda kupigwa picha. Mashujaa wengine wamcheka. Hapa twaona ucheshi mzuri wa mtunzi: mtu ana elimu ya miaka 500, naye haitumii ila kwa kununulia sifa.

Kama hadithi ingeishia hapo, tusingeandika makala hii. Lakini mwaka 1987 Booster aingia katika chama cha mashujaa, na humo apata rafiki wa kweli, Ted Kord, aitwaye Blue Beetle. Wawili hawa ni watani wakubwa, na wasomaji waliwapenda kwa sababu hiyo. Kisha, katika gazeti la mwaka 2005, Ted apigwa risasi ya kichwa na Maxwell Lord, mtu yule yule aliyekuwa kiongozi wao. Basi Booster, aliyefika kwetu kwa chombo cha kuvuka nyakati, aingiwa na wazo ambalo kila mfiwa angeingiwa nalo.

Tangu mwaka 2007 hadithi yake ilianzishwa upya na waandishi Geoff Johns na Jeff Katz, na Jurgens mwenyewe akachora. Humo yumo Rip Hunter, mlinzi wa nyakati. Ampa Booster kazi ya kwenda kuziba pale ambapo wabaya wanayaharibu mambo yaliyopita. Sharti lake ni gumu: asimwambie mtu. Ulimwengu lazima uendelee kumwona mjinga na mroho, kwani adui akijua kazi yake atarudi nyuma na kumuua angali mtoto. Mtu aliyeiba ili asifiwe sasa apaswa kuokoa bila kusifiwa.

Booster ataka ujira mmoja tu: Ted arudi. Hunter ampeleka kwanza katika usiku ambao Joker alimpiga risasi binti mmoja, Barbara Gordon, akawa kiwete. Booster ajaribu kuzuia, ashindwa, apigwa vibaya; arudi tena, na tena, na kila mara binti aanguka. Hunter alitaka ajue kwamba yako mambo yaliyopita ambayo ni magumu kama mwamba. Booster hakubali. Kwa msaada wa wengine amwokoa Ted kweli, na marafiki wafurahi. Lakini ulimwengu unaofuata ni ulimwengu ulioshikwa na Lord na mashine zake. Ted ayaona hayo kwa macho yake, kisha arudi kwa hiari yake katika saa ile ya kufa.

Hapa twaisifu hadithi bila kusita. Haikumfanya marehemu kuwa kitu cha kugombewa na walio hai. Yeye mwenyewe apewa neno la mwisho, na neno lake ni la mtu mzima. Tena kazi ya siri ya Booster haikupotea yote: baadaye Batman aonyesha kwamba aliziona picha ambazo Joker alizipiga usiku ule, akajua ni nani aliyevunjwa mbavu kwa ajili ya binti yule. Mtu mmoja tu ajua, na hadithi yatuambia inatosha.

Lakini tuna mashtaka mawili. La kwanza ni hili. Booster alikuwa na dada pacha, Michelle, aliyekufa katika magazeti ya kwanza, mwaka 1987. Mara baada ya Ted kurudi kifoni, Hunter amletea Booster dada huyo akiwa hai, amenyakuliwa kabla ya kufa! Je, ule mwamba uko wapi? Vitshumbi sheria ya nyavu ikimkataza mvuvi mmoja macho madogo na kumruhusu jirani yake, watu hawaiiti sheria tena, waiita upendeleo. Waandishi walitufundisha kuubeba msiba, kisha wao wenyewe wakautua mzigo kwa mlango wa nyuma.

Shtaka la pili latugusa sisi wa Kivu. Mambo ya kale yanayolindwa katika hadithi hii karibu yote ni ya Wamarekani. Mwaka 2011 kampuni ile ile ilileta shujaa Mkongomani, Batwing, jina lake David Zavimbe, polisi katika mji wa kubuniwa uitwao Tinasha. Yeye na ndugu yake walikuwa yatima, wakatwaliwa na mkuu wa vita na kufanywa askari wangali watoto. Akampoteza ndugu yake. Katika nchi yetu hakuna asiyejua kwamba jambo hilo si la kubuniwa tu. Kama yuko shujaa mwenye haki ya kuomba chombo cha kurudi nyuma, ni huyu! Hakupewa. Tena mwaka 2013 mavazi yake alipewa Mmarekani, Luke Fox, na hadithi ikahamia kwao. Twasema wazi kwamba hiyo ilikuwa hasara. Zavimbe aliubeba wakati uliopita mwilini mwake, wala hakuwa na Hunter wa kumnyakulia ndugu yake.

Basi, turudi kwa wazee wetu ufukoni. Hatuwacheki kwa "laiti" yao, kwani ni kilio cha haki, kama kile cha Booster kwa Ted. Lakini vijana wanaowasikiliza wana kazi nyingine. Nyavu za macho madogo huwatoa samaki kabla hawajazaa, na hilo hufanyika usiku, bila shahidi. Kijana anayeuacha wavu huo nyumbani hatapigwa picha na mtu. Pengine mwenzake atamwita mjinga kwa sababu kapu lake ni jepesi. Hata hivyo ndiye anayelilinda ziwa la Vitshumbi, la Kyavinyonge na la Nyakakoma kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Asomaye Kiingereza, akibahatika kukipata kitabu hiki, aanze na magazeti ya mwaka 2007 na 2008, ndiyo bora kuliko yote. Akifika pale Ted anapoaga, afunge kitabu kwa muda kabla ya kugeuza ukurasa wa Michelle. Atakuwa amesoma mwisho ulio wa kweli zaidi.