Wakati wa Rangi katika Ufundi wa Ndege za Mfano

Uundaji wa ndege za mfano, yaani ndege ndogo za plastiki zinazojengwa kwa kufuata vipimo vya ndege halisi, ni ufundi unaostahili heshima, kwa sababu humfunza mtu kuiona kazi hadi mwisho wake kabla hajaianza. Wengi hudhani kwamba rangi ni pambo la kumalizia, lakini fundi aliyezoea hujua kwamba swali linalompima kuliko yote ni lini kila kipande kipakwe: kikiwa bado kwenye fremu kilimotoka kiwandani, kikishakatwa, au kikishagandishwa mahali pake.

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza Machi 1936, inalidhihirisha jambo hili vizuri. Katika skeli ya 1:72, mabawa yaliyozidi mita 11 kutoka ncha hadi ncha hupungua yakawa takriban sentimita 16, na kiwiliwili huja kikiwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Nusu hizo zikishaunganishwa, chumba cha rubani hubakiwa na upenyo mdogo ambao brashi haiupiti kwa uhakika. Ndiyo maana kiti, usukani na kuta za ndani, ambazo Waingereza walizipaka kijani chenye ukijivu, hupakwa mapema. Upande wa nje hungoja, kwa kuwa mshono kati ya nusu hizo hujazwa puti na kupigwa msasa, na rangi iliyotangulia ingekwanguliwa yote.

Gundi nayo ina masharti yake. Huyeyusha kidogo uso wa plastiki, ambayo kwa kawaida ni polistirini, ili vipande viwili vishikane vikawa kitu kimoja, wala haifanyi kazi hiyo vyema pale rangi inapovitenga. Kwa hiyo anayepaka kabla ya kuunganisha huziacha tupu sehemu zitakazokutana, au huzikwangua kwanza. Vilevile, kipande kilichopakwa kikiwa kwenye fremu hubaki na kovu pale kilipokatwa, nalo hudai kulainishwa na kuguswa tena kwa ncha ya brashi.

Uzuri wa mpangilio huu huonekana hasa kwenye pangaboi, ambalo mapanga yake ni meusi na ncha zake ni za njano. Fundi hodari hutanguliza njano, kwa sababu njano haifuniki nyeusi kwa urahisi ilhali nyeusi huifunika njano mara moja. Ikishakauka, huziba ncha hizo kwa utepe wa karatasi, hupaka nyeusi, kisha huubandua utepe taratibu, na mpaka wa rangi mbili hujitokeza ukiwa umenyooka.

Karatasi ya maelekezo huonyesha kipande gani kinafuata kipi, lakini uamuzi wa lini kila kipande kipakwe rangi mara nyingi humwachia fundi. Basi anayeanza na aisome yote kabla ya kufungua gundi, na kwa kila kipande ajiulize kama brashi itakifikia baadaye na kama mshono utakipitia: kisichofikika kipakwe kwanza, kinachopitiwa na mshono kingoje.