Kibandiko cha Pembeni

Vita vya miaka ya 1960 huku Kivu Kusini vimebaki zaidi vinywani mwa wazee kuliko kwenye mawe ya kumbukumbu. Atakayepewa kazi ya kuandika jiwe kama hilo, ningemshauri kwanza atoke Bukavu, ashike barabara ya Goma mpaka Katana, apande hadi Lwiro. Akifika asiulizie sanamu. Aombe kuonyeshwa makabati ya mimea iliyokaushwa.

Lwiro ilijengwa na Wabelgiji kuwa makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947. Leo ni CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Wageni husifia majengo yaliyochorwa na Charles Van Nueten, na wana haki. Mimi hunivutia zaidi ufundi wa kuandaa karatasi moja.

Mmea huchumwa ukiwa na ua au tunda, maana bila hivyo kuutambua ni kubahatisha. Udongo hukung'utwa mizizini, mmea ukatandazwa ndani ya gazeti kuukuu. Hapo fundi huonekana: jani moja hulipindua, ili atakayekuja baadaye aone mgongo wake bila kulivunja. Kisha mbao mbili, mikanda, na kukaza. Kwa unyevu wa milima hii magazeti hubadilishwa mara kwa mara, la sivyo ukungu hushinda. Ukishakauka, mmea hushikizwa kwenye karatasi nzito kwa vipande vyembamba vya karatasi yenye gundi. Shina gumu hushonwa kwa uzi. Mbegu zilizodondoka hazitupwi, hutiwa katika bahasha ndogo juu ya karatasi hiyo hiyo.

Mwisho kibandiko, chini kulia. Ulichumwa wapi, kwenye mwinuko gani, lini, na nani, namba yake ya ngapi. Huko porini maelezo huandikwa kwa penseli, kwa sababu mvua haiifuti. Kwa samaki na nyoka wa kwenye chupa, kibandiko hutumbukizwa ndani pamoja na mnyama, kwani cha nje kitabanduka siku moja na mnyama asiye na mahali wala tarehe hamfai mtafiti.

Kuna kanuni moja ninayoipenda kupita zote. Mtaalamu akigundua kwamba jina la kwanza lilikosewa, haruhusiwi kulifuta. Hubandika kipande kingine kando yake, akaandika jina analoliona sahihi, jina lake mwenyewe na mwaka. Akitokea wa tatu, naye huongeza chake. Karatasi yenye vibandiko vinne inakuonyesha nani alifikiri nini, na lini.

Mijini kwetu tunafanya kinyume. Bukavu iliwahi kuitwa Costermansville. Nchi nzima iligeuzwa Zaïre mwaka 1971, ikarudi kuwa Kongo mwaka 1997, na kila mara vibao vya zamani viling'olewa. Kinachowekwa badala yake huwa kimejaa sifa: shujaa, msaliti, mkombozi. Tarehe ndiyo husahaulika.

Hebu tujaribu kwa mkono wa Lwiro. Uvira, Mei 1964: mji watwaliwa na waasi wa upande wa Gaston Soumialot. Bukavu, Agosti 1964: waasi hao, walioitwa Simba, washambulia mji, jeshi la serikali, likiongozwa na Kanali Léonard Mulamba, lawarudisha nyuma. Bukavu, Agosti hadi Novemba 1967: mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji, pamoja na askari wa Katanga, waushika mji, washindwa, wavuka kuingia Rwanda. Hakuna neno la kusifu wala la kulaani, na bado mzee aliyekimbia siku hizo akisoma atatikisa kichwa. Mwanawe akiona kuna kosa, aandike chake kando, atie jina na mwaka.

Na mmea usiotambuliwa bado? Huo nao huhifadhiwa, mahali na tarehe vikiwa kamili, nafasi ya jina ikingoja mwenye ujuzi. Bukavu, Februari 2025, waasi wa M23 waingia mjini: tuiandike hivyo kwa sasa.

Ufundi huu haukudumu kwa bahati. Katika vita vya kuanzia 1996 kulikuwa na wafanyakazi wa Lwiro walioendelea kufika kazini huku mshahara ukichelewa au usionekane kabisa. Ukungu na wadudu havingoji amani.

Basi nyinyi wa manispaa na wa kamati za kumbukumbu, kabla ya kumwita mchonga mawe, mwiteni kwanza mtu wa herbariamu, yaani makabati yale ya mimea ya Lwiro, awaandikie maneno. Na kwenye jiwe lenyewe, acheni nafasi ya kibandiko cha pili.